Sindano Isiruke: Kuiweka Mashine ya Santuri kwenye Nyumba ya Boriti

Usiku ule tulikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, harusini. Santuri ya taarabu imefika ubeti wa pili, akina mama wameinuka kwenda kumtunza bibi harusi, na kila wakikanyaga kwa pamoja sindano inaruka. Mara mbele, mara nyuma, mara inateleza mpaka katikati inakwaruza karatasi. Nikafanya wanachofanya wengi: nikachukua sarafu, nikaibandika kwa selotepu juu ya kichwa cha sindano. Ikatulia. Wimbo ukaombwa mara nne, na mara nne nikaupiga. Kesho yake nikaisikiliza santuri ile nyumbani, peke yangu, na kila sauti ya mwimbaji ilipopanda nikasikia kitu kama mchanga unaosagwa chini yake. Ilikuwa ya bibi yake bwana harusi. Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwenye kanga. Nyengine kama ile sijaipata mpaka leo.

Ndiyo maana nayaandika haya. Kwa DJ anayepiga santuri hapa Unguja, sindano kuruka mara nyingi ni ugonjwa unaopanda kutoka chini: sakafu, meza, spika. Ukianza kuutibu juu, kwa kuongeza uzito, santuri ndiyo inayolipa kosa la meza. Basi tuanze chini, tupande.

Kwanza tazama inavyoruka

Kabla hujagusa kitu, angalia inaruka lini na wapi. Ikiruka pahala pamoja kila mara, neno lile lile, mashine haina kosa. Kosa ni la santuri: uchafu, mkwaruzo, au imepinda. Ikiruka popote bila mpango, shuku mtikisiko au mkono wa mashine. Ikiruka watu wanapocheza tu, ni sakafu. Ikiruka unapoinua sauti hata chumba kikiwa kitupu, ni besi. Na ikiruka pale unapoirudisha santuri nyuma kwa kiganja, tatizo liko kwenye marekebisho ya mkono na katriji, kile kipande kinachobeba sindano.

Mguu na besi ni maradhi mawili, na dawa ya moja yaweza kumzidishia mgonjwa wa pili. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wananunua sponji kwa ugonjwa unaotaka jiwe.

Sakafu

Chukua bilauri, itie maji nusu, iweke pale unapotaka mashine ikae. Mwambie mtu mzima atembee chumbani mwendo wa kawaida, kisha arukeruke kidogo kama anayecheza. Wewe inama mpaka macho yawe sawa na uso wa maji. Maji yakitulia, umepata pahala. Yakifanya viduara vidogo vinavyotoka katikati kwenda ukingoni, na sindano itayapata yale yale. Zunguka chumba chote na bilauri yako. Utashangaa jinsi hatua mbili tu zinavyobadilisha mambo.

Sababu iko kwenye ujenzi wa nyumba zetu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, hazitikisiki. Lakini sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ndefu sana hazipatikani, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Sasa boriti ni kama upinde: katikati hunesa, ncha zilizochomekwa ukutani hazinesi. Kwa hiyo shuka chumba cha chini, tazama juu, uone boriti zimelala upande gani. Halafu panda uiweke meza kwenye ukuta ambao boriti zimeingia, miguu ya nyuma igusane na ukuta kama inawezekana. Kuiweka katikati ya chumba ili wageni wakuone ni kuiweka pale sakafu inaponesa zaidi.

Mkono wa mashine pamoja na katriji una mtikisiko wake wa asili, kiasi cha mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Sakafu ya boriti au ya mbao nayo hunesa karibu na hapo. Vikikutana ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: msukumo ni mdogo, lakini unakuja kwa wakati wake, na bembea inapaa. Hivyo ndivyo hatua ya mtu mmoja mwembamba inavyoweza kuitupa sindano nje ya mfuo, ule mstari wa santuri inamopita.

Kama nyumba ina baraza ya mawe, bahati yako. Baraza imejengwa pamoja na ukuta na chini yake hamna uwazi. Nimepiga santuri juu ya baraza, watoto wanakimbizana pembeni yangu, na bilauri haikutoa hata kiduara. Dirisha la nyumba kongwe nalo hufaa, kwa sababu ukuta ni mnene na kizingiti chake ni kama rafu ya jiwe. Kipime kwanza: Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri ya ma-DJ wengi, ina upana wa milimita 453 na kina cha milimita 360, na miguu yote minne lazima ikae juu ya jiwe. Rafu ya kutoboa ukutani siipendekezi. Chokaa ya zamani hubomoka, na nyumba hizi zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hazitaki matundu yetu.

Usipopata ukuta wala baraza, tafuta meza nzito ya mbao ngumu, si ile ya plastiki ya kukunja, na uwaombe wenyeji uwanja wa kuchezea uwe upande wa pili wa chumba. Kwenye viwanja vya wazi kama Forodhani au ndani ya Ngome Kongwe, ardhi ni salama na jukwaa ndilo la kuogopa, kwa kuwa majukwaa ya mbao yana uwazi chini na hulia kama ngoma. Omba meza yako isimame chini, nyuma au kando ya jukwaa, hata kama hutaonekana vizuri.

Besi

Weka santuri, zima mota ili sahani inayobeba santuri isizunguke, shusha sindano kwenye mfuo, kisha inua sauti taratibu mpaka kiwango utakachopiga usiku. Gonga meza kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "du" fupi ikafa, uko sawa. Ikiendelea kuvuma na kukua, shusha sauti haraka, usije ukaunguza spika. Maana yake besi inatoka kwenye spika, inapita sakafuni na mezani, inaingia kwenye sindano, inarudi tena kwenye spika ikiwa kubwa zaidi.

Dawa ya kwanza haina gharama: spika zisikae kwenye meza moja na mashine, na sabufa isiwe chini ya meza wala kwenye kona iliyo nyuma yako, kwani kona huikuza besi. Zitoe mbele, zikutazame kwa mgongo. Spika yako ya kujisikilizia iwe juu ya stendi yake, karibu na sikio, ili usihitaji kuifungua sana. Kama amplifaya yako ina kitufe cha kukata besi ya chini kabisa, ile isiyosikika ila inayotikisa, kibonyeze. Hutapoteza muziki wowote.

Bado inavuma? Hapo sasa ndipo kitu laini kinapoingia. Mpangilio ninaoutumia ni huu: meza, juu yake mpira wa ndani wa baiskeli ya mtoto, juu yake jiwe zito, juu ya jiwe mashine. Jiwe ni kipande cha marumaru kilichobaki kwenye ujenzi wa jikoni, kikubwa kidogo kuliko mashine. Mpira utie upepo kidogo tu, uwe kama embe lililoiva: ukibonyeza unazama, ukiachia unarudi. Upepo ukiwa mwingi umeshakuwa mgumu na haufanyi kazi tena. Ukimaliza, sukuma jiwe kwa kidole. Liyumbe polepole kisha litulie, lisiguse meza wala ukuta.

Sponji ya godoro hulala yote chini ya uzito ule, na kitu kilicholala hakizuii kitu. Mipira ya tenisi iliyokatwa nusu ni afadhali, minne, mmoja kila kona.

Na nakumbusha: mpira huu ni kwa ajili ya besi. Kwenye sakafu inayonesa, mpira hunesa pamoja na miguu ya watu na kuiyumbisha mashine zaidi. Ndiyo maana sakafu imetangulia.

Sasa chukua pima maji, ile ile ya waashi, uilaze juu ya sahani, kwanza upande wa kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Miguu ya SL-1200 huzungushwa ili kuinua au kushusha kila kona. Mashine iliyolala upande mmoja huuvuta mkono upande huo usiku kucha.

Mkono: hapa usiharakishe

Fanya kazi hii mchana, karibu na dirisha, sahani ikiwa imesimama.

Weka antisketi, kile kirekebishi kinachouvuta mkono kwa nje, kwenye sifuri. Fungua kibano kinachoshika mkono. Vua kifuniko cha sindano na uwe na nidhamu ya vidole: shika ule mkia mdogo wa kichwa tu. Shusha ile lever ya kunyanyulia mkono, kisha uulete mkono usimame hewani kati ya kituo chake na santuri. Zungusha uzito wa nyuma taratibu, mbele au nyuma, mpaka mkono uelee. Mkono uliosawazika hauzami wala haupai. Unakaa umelala sawasawa kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia, ukiupulizia kidogo unaondoka, kisha unatulia tena. Ukiona unakwama pahala, au ukishika kichwa na kuhisi unacheza kama jino bovu, bearingi zina tatizo, na hakuna marekebisho yatakayokufaa mpaka fundi auone.

Ukishaelea, urudishe kwenye kituo, ufunge. Sasa shika uzito wa nyuma usizunguke, na uzungushe ile pete ya namba peke yake mpaka sifuri iwe juu kwenye mstari. Hili ndilo kosa la kila anayeanza: anazungusha vyote viwili, na hesabu yote inaharibika. Kisha zungusha uzito pamoja na pete, kinyume cha mwendo wa saa ukiwa umesimama mbele ya mashine, mpaka ufike gramu zinazotakiwa. Kwenye SL-1200MK2 duru moja kamili ni gramu 3. Ukitaka 4, pita sifuri uende mpaka 1.

Gramu ngapi? Anayejua ni aliyeitengeneza katriji, na huandika kwenye boksi. Shure M44-7, ambayo wengi bado wanaitunza ingawa kampuni iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, hutaka 1.5 hadi 3. Ortofon Concorde MkII DJ hutaka 3, na ile ya skrachi, yaani ya kusugua santuri mbele na nyuma kwa mkono, 4. Nenda kwenye kiwango cha juu kilichoruhusiwa, usikizidi. Watu huogopa uzito kwa ajili ya santuri, lakini uzito mdogo mno nao huharibu: sindano isiyokaa vizuri hugongagonga kuta za mfuo na kuzichimba. Mzani mdogo wa kidijitali wa sindano ni bei ya mlo mmoja mzuri wa Forodhani, na hausahau kama pete ya mashine iliyotumika miaka 30.

Urefu wa mkono: shusha sindano kwenye santuri, inama, utazame kwa pembeni. Bomba la mkono liwe sambamba na santuri. Kama nyuma iko juu, legeza kufuli ya msingi wa mkono, zungusha pete, shusha. Slipmati, kile kitambaa kinacholala kati ya sahani na santuri, ikiwa nene hubadilisha kipimo hiki, kwa hiyo ukibadilisha slipmati, inama tena.

Katriji inayofungwa kwa skrubu mbili lazima iwekwe mbele ya kutosha. Kwa Technics, ncha ya sindano iwe milimita 52 kutoka pale kichwa kinapoungana na mkono, na katriji inyooke na kichwa bila kupinda kushoto wala kulia. Zile za Concorde ni kipande kimoja, hazina kazi hii.

Imebaki antisketi. Kwa vile kichwa kimepindishwa kidogo kuelekea ndani, santuri inapozunguka huuvuta mkono kuelekea katikati. Antisketi huuvuta kwa nje, viwe sawa. Kwa kupiga nyimbo kawaida, iweke karibu na namba ya gramu zako. Kwa skrachi, irudishe sifuri, kwa kuwa santuri huenda pande zote mbili na msaada wa upande mmoja unageuka kikwazo. Sindano yako ikipenda kurukia mbele kuelekea katikati, ongeza kidogo. Ikipenda kurudi nyuma kwenye mistari iliyokwisha pita, punguza.

Wapiga skrachi wengi huigeuza mashine robo duru ili mkono uwe upande wa mbali na mikono yao. Ijaribu. Kiwiko kimewahi kuzirusha sindano nyingi kuliko sakafu yoyote. Na kama tundu la santuri ni pana na santuri inacheza, zungushia kile kijiti cha katikati utepe mwembamba, duru moja au mbili.

Ncha ya sindano, na santuri za bibi

Ncha ya duara huvumilia kurudishwa nyuma kwa mkono. Ncha ya yai husoma vizuri zaidi, lakini ukiirudisha nyuma huruka na hukata. Kwa kazi ya DJ chagua duara. Iangalie kwa kioo cha kukuzia: pamba iliyoganda kwenye ncha peke yake inatosha kuifanya iogelee. Isugue kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si mbele kwenda nyuma.

Ukiletewa santuri nzito, zinazovunjika kama sahani ya udongo, jua ni za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za enzi aliposafiri Siti binti Saad kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Usiziwekee sindano ya kawaida. Mifuo yake ni mipana, na sindano ya leo huzama mpaka chini, inakokota uchafu na kuruka. Zina sindano zake, pana, karibu mara nne ya ncha ya kawaida. Mashine yenyewe iwe na mwendo wa 78, na SL-1200MK2 haina. Na wala usizioshe kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha kile kilichoitengeneza santuri yenyewe, na sauti pamoja nacho. Maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, karatasi ya katikati isilowe, basi.

Santuri za kawaida za plastiki huku kwetu huota ukungu. Nazo zioshe hivyo hivyo, kwa maji ya betri yaliyochujwa, yale yasiyo na asidi, uzisimamishe zikauke kivulini. Jua la mchana ndani ya gari lililofungwa huzipinda kwa muda wa chai moja.

Chumvi ya bahari hula zile pini nne nyuma ya kichwa. Sauti ikikatika upande mmoja, zisugue kwa kifutio cha penseli. Na ukiwa juu ya paa wakati wa kaskazi, kinga upepo kwa ubao, maana upepo wenyewe huusukuma mkono. Kama mashine yako imetoka Japani, tazama nyuma kabla ya kuchomeka: za kule ni volti 100, umeme wetu ni 230.

Kuisafirisha

Mashine iliyorekebishwa vyema yaweza kuharibika kati ya bandari ya Malindi na Mkoani. Ukienda nayo Pemba, vua kichwa na sindano uvitie kwenye kiboksi chake. Fungua uzito wa nyuma, uufunge kwa soksi. Nyanyua sahani uifunge kando, isigongegonge juu ya mota. Mkono urudishe kwenye kituo, ufunge kibano, kisha uzungushie utepe wa kitambaa usifunguke njiani. Santuri zisafiri zimesimama, zimebanana kiasi, mbali na injini. Ukifika, usipige hata wimbo mmoja wa kujaribu kabla hujaomba bilauri ya maji.